Maji ya moto bila makelele: kuchagua pampu ya joto kwa nyumba ya Lubumbashi

Mwezi wa sita ukiingia, Lubumbashi inabadilika. Mchana jua ni kali, lakini usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na alfajiri kila lupango (kiwanja chenye nyumba) linafuka moshi wa mbabula (jiko la makaa) iliyobeba sufuria ya maji ya kuoga. Wenye nafasi wana boila ya rezistansi (waya wa umeme unaopasha maji), ile silinda nyeupe iliyotundikwa juu ya dushi, inayokula umeme kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Siku hizi kuna chombo cha tatu kinachoulizwa madukani: tanki la maji lenye pampu ya joto.

Kazi yake ni rahisi kuielewa. Ni friji iliyogeuzwa. Friji inaondoa joto lililo ndani ya sanduku na kulitupa nyuma yake. Pampu ya joto inachukua joto la hewa ya nje na kulitia ndani ya tanki. Umeme unatumika kuendesha kompresa (mashine ya kubana gesi inayobeba joto) na feni tu, kwa hiyo uniti 1 ya umeme inaleta uniti 3 hadi 4 za joto. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunahitaji kilowati-saa 8 hivi. Boila ya rezistansi inazilipia zote 8. Pampu inalipia 2 na nusu.

Ubaya wake ni sauti. Boila ya kawaida iko kimya. Hii ina kompresa inayovuma na feni inayopuliza kwa saa kadhaa kila siku. Wauzaji wanajua jambo hilo linawasumbua watu, ndiyo maana kila mmoja atakuambia, “Papa, hii haina makelele kabisa.” Msimamo wangu ni huu: ukimya unaununua zaidi kwa ukubwa wa tanki na kwa saa unayoiwasha mashine, kuliko kwa desibeli (dB, kipimo cha sauti) zilizoandikwa kwenye boksi. Mashine iliyomaliza kazi saa kumi alasiri haiwezi kumwamsha mtu saa tisa usiku.

Kabla ya hatua yoyote: je, unaihitaji?

Watu wawili wanaooga kwa ndoo hawana haja nayo. Boila ndogo ya lita 50 inawatosha, na pesa inayobaki inafanya kazi nyingine.

Kama paa lako halina kivuli na hutaki kusikia sauti yoyote, nunua mtambo wa jua wa kupasha maji, ule wenye paneli na tanki juu ya paa. Hauna feni wala kompresa. Kiangazi cha Katanga, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, kinaufaa sana. Unasumbua msimu wa mvua tu, mawingu yakikaa siku tatu au nne mfululizo, na hapo utarudi kwenye rezistansi yake ya akiba.

Pampu ya joto inaifaa nyumba ya watu watano na kuendelea, yenye miembe mikubwa inayofunika paa, au paa bovu lisiloweza kubeba tanki, na yenye umeme unaofika kila siku hata kama ni kwa saa chache.

Hatua ya 1: hesabu maji, kisha ongeza

Maji ya kuoga yanapendeza yakiwa nyuzi 40 hivi. Mtu mmoja akioga kwa dushi bila kuzubaa anatumia lita 40. Watu sita ni lita 240. Ongeza lita 40 za vyombo, unapata lita 280 za maji ya uvuguvugu kwa siku. Tanki likiwa na nyuzi 55 na maji ya bomba yakiwa nyuzi 20, zaidi kidogo ya nusu ya maji hayo ndiyo yatatoka tankini, yaani lita 160. Mengine ni ya baridi ya kuchanganyia.

Muuzaji atafanya hesabu hiyohiyo na kukupa tanki la lita 200. Kwa hesabu tupu hajakosea. Lakini tanki la 200 lililobanwa hivyo litataka kuwashwa tena usiku, watu wakishaoga jioni, ili asubuhi maji yawepo. Hapo ndipo makelele yanapoanzia. Chukua la 270 au 300. Litapashwa mara moja mchana, litahudumia jioni na asubuhi inayofuata, na litabaki na akiba umeme ukikatika. Tanki lenye koti zuri la kuzuia joto, la ukubwa huo, linapoteza nyuzi 4 hadi 6 tu kwa siku nzima.

Hatua ya 2: jua umeme wako unakuja saa ngapi

Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Lufira na Lualaba, na mwingine unasafiri kutoka bwawa la Inga kwa waya wa kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, na migodi nayo inaunywa njiani. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni sehemu ya maisha, lakini haifanani mtaa kwa mtaa. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika saa umeme unapokuja na unapokwenda. Ukiupata mchana, hata siku nne kwa wiki, umepona. Ukiwa katika mtaa unaopata umeme usiku tu, hatua ya mahali pa kuiweka, huko chini, isome mara mbili, maana huna uhuru wa kuchagua saa.

Pima pia nguvu yake. Mashine nyingi zinataka volti 220 hadi 240. Jioni, majiko yote ya mtaa yakiwashwa, volti zinaweza kuanguka, na kompresa inayojaribu kuanza kwa volti haba inavuma bila kuzunguka, inapata moto, mwishowe inaungua. Funga stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) inayotosha, yenye kuchelewesha umeme dakika 3 hadi 5 baada ya kurudi. Uchelewesho huo unaiokoa kompresa, kwa sababu gesi iliyobanwa inahitaji muda kutulia kabla ya kuanza upya.

Ukiwa na sola na betri, tafuta mashine ambayo kompresa yake inabadilisha kasi, ile inayoitwa inveta. Inaanza polepole, haishtui betri kwa mkupuo wa umeme mwingi. Na ndiyo hiyohiyo iliyo tulivu zaidi: ile ya kasi moja ina kishindo cha kuanza na kishindo cha kusimama, na masikio ya usiku yanasikia kishindo kabla ya mvumo. Pampu nyingi za nyumbani zinatumia wati 500 hadi 900. Angalia tu rezistansi ya akiba iliyomo ndani ya tanki, inayofika wati 1,500 au 2,000 na zaidi; hakikisha unaweza kuizima kabisa kwenye mipangilio.

Hatua ya 3: soma desibeli kama anayejua

Hapa ndipo watu wanapodanganywa, mara nyingine na muuzaji ambaye mwenyewe hajui.

Kuna namba mbili tofauti, zote zinaandikwa kwa dB. Ya kwanza ni nguvu ya sauti ya mashine yenyewe. Kwenye karatasi utaona herufi LW au LWA. Ya pili ni sauti inayofika sikioni ukisimama umbali fulani. Inaandikwa Lp au LpA, na lazima iambatane na umbali: mita 1, mita 2, mita 4. Mashine yenye LWA 58 iliyowekwa chini mahali pa wazi inasikika kama 50 ukiwa mita 1, kama 44 ukiwa mita 2, kama 38 ukiwa mita 4, kama 32 ukiwa mita 8. Kila umbali ukizidishwa mara mbili, 6 zinapungua. Kwa hiyo “dB 38” ya duka moja na “dB 58” ya duka jirani zinaweza kuwa mashine ileile. Namba isiyo na herufi wala umbali, ichukulie kuwa haipo.

Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya inakusaidia. Lebo yake ya nishati, ile yenye mistari ya rangi kutoka kijani hadi nyekundu, inatakiwa kuonyesha LWA. Sheria za huko zinaweka kikomo cha 60 kwa mashine ndogo za ndani na 65 kwa za nje. Chini ya 55 ni nzuri. Chini ya 50 ni tulivu kweli, na utailipia.

Unahitaji kufikia wapi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilitaja dB 30 ndani ya chumba cha kulala. Ule wa 2009 wa kelele za usiku Ulaya ulitaja 40 nje ya nyumba. Chukua 40 mbele ya dirisha la chumba cha kulala, na hapo hesabu na dirisha la jirani. Usijidanganye kwamba mji wenyewe una kelele. Saa mbili usiku, grupu za umeme (jenereta) zikinguruma na baa ikipiga muziki, hutaisikia mashine hata ukiisogelea. Saa tisa usiku grupu zimezimwa, mbwa wamenyamaza, na mvumo wa dB 42 ndio sauti pekee mtaani.

Jambo moja karatasi haisemi. Ile A kwenye LWA, LpA au dB(A) inapunguza uzito wa sauti nzito za chini, kwa kuwa sikio halizisikii sana. Lakini mvumo mzito wa kompresa unapenya ukuta kuliko sauti nyembamba ya feni, na kuna watu unaowakosesha usingizi. Japani, ambako mitambo ya aina hii inayotumia gesi ya kaboni dioksidi ilianza kuuzwa kwa nyumba mwaka 2001, malalamiko ya majirani yalifika mpaka kwa tume ya serikali ya usalama wa watumiaji, iliyotoa ripoti mwaka 2014. Kule mashine nyingi ziliendeshwa usiku kwa sababu umeme wa usiku ulikuwa wa bei nafuu. Kama wewe hupewi punguzo la usiku, huna sababu ya kuiga mpango huo, ila kiwanda kinaweza kuwa kimeuacha ndani ya saa ya mashine. Ufute.

Hatua ya 4: kipande kimoja au viwili

Mashine ya kipande kimoja ina pampu iliyokaa juu ya tanki. Ni ya bei ndogo, fundi wa mabomba anaifunga bila kugusa gesi, na inahitaji sehemu moja tu. Sauti yake iko palepale tanki lilipo. Ukiiweka ndani, inahitaji chumba kikubwa chenye hewa, meta za ujazo 20 hivi, kwa sababu inapoza hewa inayoivuta. Kichumba cha stoo kilichofungwa kitageuka friji, na mashine itafanya kazi saa nyingi zaidi, yaani makelele ya saa nyingi zaidi.

Ya vipande viwili ina tanki ndani na sanduku la feni nje, kama kiyoyozi. Hii ndiyo ninayoipendelea kwa malupango yetu: tanki linakaa karibu na dushi, sanduku linapelekwa nyuma kabisa, mbali na vyumba. Uliza kitu kimoja: kati ya vipande hivyo linapita bomba la maji au bomba la gesi? La maji, fundi yeyote mzuri atalitengeneza. La gesi linataka fundi wa viyoyozi mwenye pampu ya kunyonya hewa na geji. Akija mikono mitupu na bisibisi, mrudishe.

Hatua ya 5: mahali

Zunguka nyumba. Tafuta sehemu ambayo ukuta wake si wa chumba cha kulala cha mtu yeyote, wewe wala jirani. Mara nyingi ni upande wa jiko au wa karakana.

Epuka kona. Sanduku likiwa mbele ya ukuta mmoja, sauti inarudishwa na kuongezeka dB 3. Likiwa kwenye kona ya kuta mbili, dB 6. Dirisha lililo mita 4, ambalo kwa hesabu ya wazi lingepata 38, sasa linapata 44. Kwa kona tu umetupa faida ya mashine ya bei ghali. Ile nafasi nyembamba kati ya nyumba na ukuta wa lupango, ambayo kila fundi anaipenda kwa kuwa haitumiki, ni mbaya zaidi: sauti inagonga huku na huku, na hewa baridi inayotoka inarudi kuvutwa tena.

Angalia matofali ya matundu yaliyo juu ya madirisha ya nyumba zetu nyingi. Yanapitisha hewa, yanapitisha sauti vilevile, hata dirisha likifungwa. Upande wenye matundu hayo uhesabu kama dirisha lililo wazi.

Mtikisiko ni nusu ya kesi. Usitundike sanduku kwenye ukuta wa nyumba. Tofali linabeba mvumo hadi kitandani. Mwaga bamba la zege chini, sentimeta 10 unene, lisiloshikana na msingi wa nyumba, weka miguu ya mpira, na maungio ya bomba yawe ya mpira unaopinda. Bomba likipita ukutani lisiguse tofali: livishwe sponji. Kama kuna kibanda cha mabati karibu, kisogeze. Bati lililolegea linaweza kutetemeka kwa kila mzunguko wa kompresa na kulia kuliko mashine yenyewe.

Kuijengea mashine nyumba ili isisikike ni kosa la kawaida. Feni inahitaji kupumua mbele na nyuma. Ukitaka kuziba, jenga ukuta mfupi wa matofali, ulio umbali wa mita 1 na nusu au zaidi mbele ya feni, upande wa jirani, ukizidi kimo cha sanduku.

Pia iwe na mfereji. Hewa ikipozwa inatoa maji, msimu wa mvua lita kadhaa kwa siku, na yakituama yataleta mbu.

Hatua ya 6: saa

Weka saa ya mashine ianze saa nne asubuhi, isimame saa kumi alasiri. Pampu ya kilowati 2 za joto inapasha lita 300 kutoka baridi kwa saa 6 hivi, na kwa kawaida tanki halianzi likiwa baridi kabisa. Mchana wa mwezi wa saba hewa inafika nyuzi 25. Alfajiri ni 7 au 8. Hewa yenye joto inampa kompresa kazi ndogo, kwa hiyo mashine inamaliza mapema, inakula umeme kidogo, na inafanya makelele wakati watoto wako shule na mtaa mzima una kelele zake. Kama una sola, ndiyo saa ya jua.

Wenye umeme wa usiku tu wawashe hali ya utulivu, ambayo mashine za inveta huwa nayo. Kasi inapungua, sauti inashuka, kazi inachukua muda mrefu zaidi. Ianze saa mbili jioni, si saa nane usiku.

Mara moja kwa wiki tanki lifike nyuzi 60. Bakteria wa lejonela wanastawi kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya 25 na 45, na mashine nyingi zina programu ya kuwaua. Ipangie Jumapili mchana.

Gesi na hatari yake

Kati ya gesi zinazozunguka ndani ya mashine, R134a ndiyo inayofahamika kwa mafundi wa friji, lakini ni moja ya gesi zinazoongeza joto duniani, ambazo makubaliano ya Kigali ya 2016 yanazipunguza. R290 ni propani: inafanya kazi vizuri, inafikisha maji kwenye joto la juu, na inashika moto. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Mashine ya R290 ikae nje, mbali na mbabula, mbali na mdomo wa mfereji. Gesi ya kaboni dioksidi haishiki moto, na baadhi ya mashine zake ni tulivu mno, ila inafanya kazi kwa mgandamizo unaopita bari 100. Kabla ya kuichagua, muulize fundi wako kama amewahi kuitengeneza. Akisita, umepata jibu.

Dukani

Omba karatasi ya kiwanda, usikubali boksi. Uliza LWA, uliza kama kompresa ni ya inveta, uliza feni na kadi ya umeme ya akiba vinapatikana hapahapa au vinasubiri lori lipite mpaka wa Kasumbalesa. Uliza tanki linataka mgandamizo gani wa maji. Tanki la plastiki lililoinuliwa mita 3 linatoa bari 0.3 tu, dushi litadondoka matone, na utashawishiwa kuongeza pampu ya kusukuma maji. Pampu hiyo nayo inalia, tena kila mtu akifungua bomba. Kuinua tanki la plastiki mita 2 zaidi kunanyamaza milele.

Siku ya kufunga

Vali ya usalama iwepo, na bomba lake lielekee chini, lisizibwe. Waya wa ardhi uwe wa kweli, uliochimbiwa nondo, kwa kuwa radi za Novemba hazibembelezi. Mashine iwe na swichi yake ya usalama peke yake.

Usimalize malipo siku hiyo. Subiri usiku, washa mashine kwa nguvu saa tano, zima taa na feni za ndani, kaa kwenye kitanda. Kisha vuka uende kwa jirani, umwombe naye asikilize chumbani kwake. Programu ya simu ya kupima sauti haitoi namba ya kuaminika, lakini inalinganisha vizuri: pima mashine ikiwa imezimwa, pima ikiwa inazunguka, sehemu ileile. Bomba linalogusa ukuta, mguu uliolegea, bati linalotetemeka, vyote vitajitokeza usiku huo, na fundi anarudi haraka akiwa bado anadai.

Vumbi jekundu, chokaa na anodi

Kiangazi vumbi letu jekundu linaziba mapezi ya alumini nyuma ya sanduku. Feni inavuta kwa shida, sauti inapanda, saa za kazi zinaongezeka. Kila mwezi, kuanzia Mei hadi mvua ya kwanza, zima umeme na usafishe kwa brashi laini na maji ya bomba yanayotiririka. Mashine ya kuoshea magari inapinda mapezi.

Jifunze sauti zake. Mlio wa kitu kinachotiririka ni gesi, si tatizo. Kukwaruza ni feni iliyopinda au jani lililoingia. Mvumo unaoongezeka wiki hadi wiki ni mpira wa miguu uliokufa au kompresa inayochoka. Mwite fundi kabla haujawa mlio wa chuma.

Kama birika lako linaota ganda jeupe, maji yako yana chokaa, na tanki nalo litaota. Ndani yake kuna fimbo ya magnesiamu, anodi, inayoliwa na kutu ili tanki lisiliwe. Ifungue mwaka wa pili. Ikibaki waya mwembamba, weka nyingine. Ikiwa bado nene, subiri mwaka mmoja zaidi, na siku hiyohiyo fungua koki ya chini umwage mchanga uliotua.